Pedi Nzima Hupewa Mgeni

Banda la gemu la Nasma, pale Nguvumali, lina mlango mmoja, televisheni moja na pedi mbili za kushika mkononi na kuchezea, na umeme ukikatika halina chochote. Hapo wachezaji hutoka nje, hukaa kwenye ubao uliolazwa juu ya matofali upande wa ukuta wenye kivuli, na huendelea kucheza kwa mdomo. Mzee Zubeiri, muuza kahawa, anaijua tabia hiyo. Akisikia mashine imenyamaza huja na birika lake na sahani ya kashata, akatulia mwisho wa ubao kama mtu aliyealikwa. Jumamosi hiyo umeme ulikatika baada ya swala ya adhuhuri, na wa kwanza kutoka alikuwa Safari, ambaye siku hiyo alikuwa na haja nao kuliko wote.

Baada ya alasiri Safari alikuwa anatakiwa Usagara. Anold, mwenye ukumbi mpya wa gemu huko, alikuwa anatafuta msimamizi wa kukabidhiwa ufunguo, na masikioni mwake yalikuwa yamefika majina mawili: Godlisten wa hapo hapo Usagara, na Safari wa Nguvumali. Hakutaka maneno mengi. Wacheze mpira wao mbele ya watu, atakayeshinda ndiye atakayeshika ufunguo. Safari alikuwa mpakiaji kwenye tanuri la chokaa. Chokaa ilikuwa imemla vidole mpaka kwenye kucha, na siku hizi kikohozi kilimwamsha kabla ya adhana. Mkewe, Sabra, alikuwa amempigia pasi shati, akalitundika mahali ambapo lazima alione.

— Mgosi, mbona umekaa kama mtu anayesubiri sindano?

Aliyeuliza ni Uweso. Kijiweni wanamwita Injinia, kwa sababu aliwahi kuifungua redio ya mjomba wake. Hajaifunga mpaka leo.

— Jana nilikuja mapema, Safari alisema. Bandani hamna mtu. Nikaishika ile pedi nzima.

— Ile ya wageni?

— Hiyo hiyo. Nilitaka kujizoeza kidogo.

— Enhe?

— Mashine imenifunga sita. Na nilikuwa nimeiweka kwenye daraja la watoto.

Mudathir aliacha kutafuna kashata. Huyu jina lake la kijiweni ni Shahidi, kwa kuwa hakuna jambo lililotokea Tanga ambalo yeye hakuliona kwa macho yake.

— Sita? Wewe, ambaye hapa hujafungwa tangu mfungo wa Ramadhani?

— Wachezaji wangu wote wanakimbilia kulia. Nampa mtu mpira, anatoka nao nje. Golikipa naye ameenda huko huko kulia, ameliacha goli wazi kama mlango wa sokoni.

Sababu waliijua wote, ingawa hakuna aliyewahi kuitamka. Pedi mbovu ya Nasma wanaiita Shingo Upande. Kile kifimbo chake cha kushoto, cha kumkimbizia mchezaji, kimelegea, na usipokishika vizuri mchezaji wako anaelekea kushoto mwenyewe kama aliyeitwa na mtu. Safari alijifunza gemu kwa pedi hiyo na hakuwahi kucheza kwa nyingine. Kidole gumba chake kilikuwa kimezoea kuisukuma kulia kidogo, muda wote, bila yeye kukituma. Akiwa na Shingo Upande, kasoro mbili zinakutana na mchezaji anakwenda moja kwa moja golini. Akiwa na pedi nzima, inabaki kasoro moja, nayo ni ya kwake.

Na desturi ni kwamba pedi nzima hupewa mgeni. Haikuanzia kwa Nasma. Mabanda yote ya mjini yanaifuata, kama mgeni anavyowekewa kiti chenye mgongo na mwenyeji akavuta kigoda. Anayepewa pedi nzima haikatai, na anayebaki na mbovu hainung'unikii.

— Na leo mgeni ni wewe, Uweso alisema polepole.

— Ndilo lililoninyima usingizi.

Mzee Zubeiri akammiminia kahawa bila kuulizwa. Safari aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama.

— Tuanze na kosa lenyewe, alisema Uweso. Kosa ni kwamba mmezoea pedi za ovyo. Pedi ni ya waya. Hizi zisizo na waya unabonyeza hapa, hujui amri yako inapitia wapi. Unapiga shuti Nguvumali, anafunga mtu Raskazone.

— Wewe ya waya unaipendea kuikata na kuiunga, alisema Mudathir. Pedi ni ile inayotetemeka. Juzi nimecheza gemu la magari kwa binamu yangu. Kila nikigonga ukingo wa barabara naisikia mpaka kwenye meno. Nimetoka pale nimefika barabarani, nakanyaga mchanga natafuta breki. Wallahi, nimejiona kwa macho yangu.

— Umejionaje?

— Kwenye kioo cha duka.

Aliyecheka kwa sauti alikuwa Yona. Yona anavaa sweta hata jua likiwa kali, akidai kwamba mwili wa mtu wa milima ya Amani hauamini joto, na ndiyo maana wakamwita Baridi.

— Mimi hata pedi siihitaji, alisema. Nacheza kwenye simu. Gemu la kulima. Nina kabichi, nina ng'ombe wa maziwa, na jana mvua imenyesha vizuri.

— Imenyesha wapi?

— Kwenye simu.

— Yona, si ulilikimbia jembe kwenu?

— Nililikimbia la mpini. La kugusa kioo halina neno.

— Na ng'ombe wanakamuliwa na nani muda huu?

Yona alitoa simu mfukoni haraka, akaitazama, akairudisha.

— Wameshalia, alisema kwa huzuni.

Safari alisubiri wamalize. Alikuwa ameyazoea maneno yao kama alivyozoea vumbi la tanuri, na kwa siku nyingine yoyote angetia na lake. Leo aliyahesabu maneno hayo kwa kivuli cha ukuta, ambacho kilikuwa kimeanza kurefuka.

— Jamani, alisema. Alasiri inakuja. Nifanye nini?

— Kwanza tujue kwa nini ile mbovu inavuta kushoto, Mudathir alisema, akakaa vizuri. Ukiijua sababu, umeishika dawa. Mtu akikaa bandani akatazama televisheni, kushoto kwake ni wapi?

— Choo cha Nasma.

— Baada ya choo!

— Baharini huko.

— Na ng'ambo ya bahari ndiko zinakotengenezwa. Basi! Kila kitu kinakumbuka kwao. Paka umhamishe kwa gunia, usiku anarudi. Itakuwa pedi, yenye akili ndani?

— Mbona ile nzima haikumbuki kwao?

— Ile bado changa. Haijaanza kuwaza.

Uweso alilifikiria jambo hilo kwa uzito wa mtu aliyewahi kufungua redio.

— Hapo umesema. Kwa hiyo huko Usagara aombe televisheni igeuzwe. Ukiwa umeelekea bahari, pedi inavuta mbele. Mpira unakwenda golini wenyewe, Safari kazi yake kushangilia.

— Injinia, hiyo pedi ya Usagara haivuti popote! Safari alisema. Tatizo si pedi. Tatizo ni hiki.

Akanyoosha kidole gumba cha kushoto. Wote watatu walikiinamia, pamoja na Mzee Zubeiri, ambaye hajawahi kushika pedi na hana nia hiyo. Kilikuwa kidole cha kawaida, cheupe kwa chokaa pembeni mwa ukucha.

— Kimepinda, Mudathir alisema.

— Hakijapinda.

— Nakiona kwa macho yangu. Kimeelekea kulia.

— Kifungwe, aliamua Uweso.

Alichana ukanda wa mpira wa baiskeli uliokuwa ukitumika kuzuia mlango wa banda, akakifunga kile kidole, akauvuta ukanda kuelekea kushoto na kuuzungusha kwenye kiganja. Safari alijaribu kuchezesha pedi hewani. Kidole kilikwenda kushoto, kikarudi, kikaanza kubadilika rangi.

— Unasikiaje?

— Sisikii kitu.

— Ndiyo vizuri, Yona alisema. Amani asubuhi vidole vinakufa ganzi hivyo hivyo, havijui kulia wala kushoto. Aende amevitia kwenye barafu.

— Halafu abonyeze na nini? Na pua?

Safari alijifungua mwenyewe ule ukanda, damu ikarudi ikimchoma. Mzee Zubeiri akakohoa kidogo, na wakamnyamazia kwa heshima.

— Mwanangu, alisema, kwani huwezi kwenda na hiyo mbovu yako?

— Nasma haitoi nje, baba. Na hata angeitoa, nitaingiaje kwa watu na pedi mkononi? Si sawa na mtu kualikwa chakula akaja na sahani yake?

— Kweli. Watasema umewaona wachafu.

— Basi aikatae hiyo nzima kwa adabu, alisema Uweso. Kama chakula. Unasema, nashukuru, nimeshiba.

— Nimeshiba pedi?

— Akikataa mara moja watamlazimisha, Mudathir alisema. Akikataa ya pili watamlazimisha zaidi. Mara ya tatu wanakasirika. Nimeona kwa macho yangu mtu amekataa kiti mara tatu pale Chumbageni. Walimkalisha kwa nguvu, akavunja kiti.

— Amwage kahawa, Yona alisema. Kwa bahati mbaya. Kidogo tu, upande wa kushoto, kile kifimbo kinate.

— Yona!

— Nasema kidogo tu.

— Mimi naenda kuomba nikabidhiwe ukumbi wa mtu, Safari alisema. Nianze kwa kuwamwagia vyombo vyao?

Hapo kila mtu akanywa kahawa yake. Kilichomkera Safari hakikuwa upuuzi wao. Kilichomkera ni kwamba alikuwa amekuja na tumaini kuwa, kati ya upuuzi mmoja na mwingine, mmoja wao angesema jambo la kumfaa, na muda ulikuwa unakwenda.

Walikuwa bado wanakunywa alipotokea msichana kwenye kona ya maduka, amevaa gauni la kitenge na viatu vya wazi, anatazama milango kama anayetafuta namba. Alipowaona alikuja moja kwa moja.

— Shikamoo baba, alimwambia Mzee Zubeiri.

— Marahaba, mwanangu. Karibu kahawa.

— Asante. Hamjambo, kaka zangu? Namtafuta Safari.

Waliokuwa na mikono mitupu walimwonyesha kwa mikono, na wenye vikombe walimwonyesha kwa vikombe.

— Naitwa Precious, dada yake Anold. Kaka amenituma nikuchukue. Amesema mgeni asije peke yake akapotea.

— Mnatutendea wema, Safari alisema, akasimama.

— Kaa kwanza, bado mapema. Ameniagiza nikuulize na jambo moja, ili watu waandae. Wewe unapenda pedi gani? Tunazo za waya, zisizo na waya, zinazotetemeka na zisizotetemeka.

Watu wale walikuwa wamezungumzia pedi wanazozipenda tangu adhuhuri. Sasa Injinia alitazama kikombe chake, Shahidi akafunga macho, na Yona akavuta mikono ndani ya sweta.

— Yoyote tu, Uweso alisema mwishowe, maana ndivyo mgeni anavyosema.

— Hapana, alisema Safari. Dada Precious, kama mnayo mbovu, nipeni hiyo.

Precious alicheka vizuri, akafunika mdomo.

— Watu wa Nguvumali kwa unyenyekevu! Kaka alinionya. Usiwe na shaka, Safari, utapewa mpya kabisa. Tumeitoa kwenye boksi leo.

— Si unyenyekevu. Mbovu ndiyo ninayoiweza.

— Mgosi, Mudathir alinong'ona, unajiharibia.

Safari alimsikia. Alilikumbuka shati lilivyotundikwa kwenye msumari na kikohozi cha alfajiri, akajua kwamba akiendelea huenda ufunguo ukaishia hapo kwenye ubao. Lakini mbele ya televisheni ya Usagara, wachezaji wake wakikimbilia kulia wote, watu wangejua tu, na wangejua wakiwa wengi.

— Hapa kwetu kuna pedi mbili, alisema. Moja nzima, moja inavuta kushoto. Nzima ni ya mgeni. Mimi nimecheza hiyo nyingine mpaka mkono wangu umekuwa kama yenyewe. Jana nimeijaribu nzima nikafungwa na mashine. Ndiyo hivyo. Kamwambie kaka yako kama utaona inafaa.

Precious hakucheka tena. Alikaa kwenye ncha ya ubao aliyoachiwa na Yona.

— Umecheza hapa muda gani?

— Tangu Nasma alipofungua. Mwaka wa tano huu.

— Na miaka yote hiyo nzima hujaishika?

— Hakukosekana mgeni.

Msichana aliwatazama wale watatu mmoja mmoja. Hakuwatazama kwa ubaya. Aliwatazama kama mtu anayetaka kuelewa.

— Nyie ndio mnaocheza naye?

— Ndio sisi, Uweso alisema.

— Nyie ni wageni?

— Mimi ni mtu wa Amani, Yona alisema upesi. Kule milimani.

— Umekuja lini?

— Nilikuja kwa shangazi kuanza darasa la kwanza.

— Na wewe, kaka?

— Sisi asili yetu Pangani, alisema Uweso.

— Umezaliwa Pangani?

— Babu. Babu mzaa baba.

Akamgeukia Mudathir. Mudathir alifungua macho, akatafuta kitu alichokiona, hakukipata.

— Mimi nakaa ng'ambo ya barabara, alisema. Huku huwa navuka.

Mzee Zubeiri alitoa sauti puani ambayo huenda ilikuwa kikohozi.

— Na wewe, Safari? Kwenu ni hapa?

— Kwetu Korogwe, Safari alisema. Nilikuja mjini mwaka huo huo banda lilipofunguliwa. Siku ya kwanza nimesimama mlangoni, Mudathir ameshika pedi mbili. Akaniuliza, wewe mgeni? Nikaona nikisema ndiyo watanicheka. Nikasema hapana, mimi mwenyeji.

Aliposema hivyo ndipo alipoliona vizuri. Mudathir alikuwa amemjua si wa hapa; begi lilikuwa bado begani. Alikuwa amelitazama begi, akamtazama usoni, halafu akampa Shingo Upande. Kesho yake Uweso alimpa hiyo hiyo. Na kuanzia hapo hakuna aliyeuliza tena.

— Sasa, Precious alisema, kama hawa wote wamekutangulia hapa, mbona mwenyeji umekuwa wewe?

Lilikuwa swali dogo. Injinia, aliyejua pedi inavyowaza kuhusu kwao, alifungua mdomo akaufunga. Shahidi hakuwa ameona kitu. Yona alitoa simu mfukoni ingawa hakuna ng'ombe aliyelia.

Safari aliwapa muda. Walikuwa rafiki zake, na alitaka mmoja wao apate jibu, hata la bahari, hata la paka kwenye gunia. Hakuna aliyelipata. Akakiweka kikombe chini, akanyoosha shati alilopigiwa pasi na Sabra.

— Twende, dada, alisema. Hiyo mpya muiandae. Nikifungwa, nitakuwa nimefungwa kama mgeni.

Walipokwisha kuipita kona, Mzee Zubeiri alimimina kilichobaki kwenye birika. Kilitosha kikombe kimoja, nacho hakikujaa. Akakiweka katikati ya ubao, akawaambia karibuni. Kikapoa hapo, kila mmoja akimwambia mwenzake akichukue.